Herufi Zilizokosa Kazi

Karatasi kwa Kitagalogi ni papel; kwa Kivietnamu ni giấy. Neno la kwanza liliingia Ufilipino na Wahispania, la pili liliingia Vietnam kutoka kwa Wachina, karne nyingi kabla ya hapo. Sisi tunaoshika kalamu na karatasi za Mwarabu juu ya meza ya Mreno hatuna la kushangaa hapo: chombo cha kuandikia huja na jina la aliyekileta. La kushangaza ni jingine. Lugha hizi mbili, zisizo na undugu wowote unaothibitika, leo zinaandikwa kwa herufi zilezile za Kirumi, na kote kuwili waliozileta walikuwa mapadri wa Kikatoliki. Wengi wakiona hivyo husema kisa ni kimoja: padri alikuja na alfabeti rahisi, na maandishi ya wenyeji, kwa ugumu au upungufu wake, yakaondoka yenyewe. Mimi nasema visa ni viwili, tena vinapingana, na urahisi wa herufi haukuwa mwamuzi katika chochote kati yao. Mwamuzi alikuwa kazi: mtu alihitaji maandishi yapi ili alipe kodi, ashinde kesi, apate cheo, au aandikwe jina katika daftari la ubatizo.

Kwanza lugha zenyewe, maana sura ya nje hudanganya. Kitagalogi ni ndugu wa Kimalei na, kwa sisi watu wa Bahari ya Hindi, ndugu wa jirani yetu Kimalagasi. Hesabu tu itakuonyesha: tano kwa Mtagalogi ni lima, kwa Mmalagasi dimy, saba ni pito na fito, nane ni walo na valo. Hata maandishi wanayaita kwa neno la ukoo mmoja, sulat huku na soratra kule, na hati za zamani za Madagaska zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu huitwa sorabe, yaani maandishi makuu. Kivietnamu kiko nyumba nyingine kabisa. Moja, mbili, tatu, nne zake ni một, hai, ba, bốn, na jamaa wa kuzifananisha nazo ni Mkhmeri wa Kambodia, asemaye muoy, pii, bei, buon. Jambo hili lilichelewa kukubalika. Kivietnamu kimejaa maneno ya Kichina na kina toni, kwa hiyo wataalamu walikiweka mara kwa Wachina, mara kwa Wathai, mpaka Mfaransa André-Georges Haudricourt alipoonyesha mwaka 1954 kwamba toni hizo zilizaliwa humohumo ndani ya lugha, konsonanti za kale zilipodondoka na kuacha sauti ikipanda au kushuka mahali pake. Toni haikuwa nasaba, ilikuwa kovu.

Tofauti ya maumbile yao utaiona ukilishika neno mkononi. Mswahili huongeza vipande mbele na nyuma ya shina: andika, ameandika, andikia, andikiana. Mtagalogi hufanya hivyo, na zaidi ya hapo hupasua shina na kupachika kipande katikati: sulat huwa sumulat, aliandika, sinulat, kiliandikwa, na akitaka kusema anaandika, hurudia silabi ya kwanza na kusema sumusulat. Mvietnamu hagusi neno lake. Hulibakiza silabi moja, mbichi, na maana hubadilika kwa namna sauti inavyoimbwa. Ma ni mzimu; má, kwa watu wa kusini, ni mama; mà ni lakini; mả ni kaburi; mã ni farasi katika maneno yenye asili ya Kichina; mạ ni miche ya mpunga inayongoja kupandikizwa. Mtu mgeni akikosea toni anaweza kumwita mama wa watu kaburi.

Sasa, ingekuwa urahisi wa herufi ndio unaoamua, tungetarajia nini? Tungetarajia Wavietnamu wawe wa kwanza kuikimbilia alfabeti ya Kirumi, kwa kuwa maandishi yao ya zamani yalikuwa na maelfu ya alama na yalimchukua mtu miaka kuyamudu. Na tungetarajia Watagalogi wawe wa mwisho, kwa kuwa yao yalikuwa na alama 17 tu, ambazo mtoto angeweza kuzijua kwa siku chache. Mambo yalikwenda kinyume. Herufi za Watagalogi zilikuwa zimekwisha kusahauliwa kabla ya karne ya 18 kufika nusu. Alfabeti ya Kirumi ya Kivietnamu ilipigwa chapa Roma mwaka 1651, kisha ikakaa zaidi ya miaka 200 kama chombo cha makasisi na waumini wao, huku dola yote ikiipita bila kuitazama. Maelezo yoyote yanayoanza na urahisi hugonga ukuta hapa.

Herufi za Watagalogi huitwa baybayin. Irabu tatu, konsonanti kumi na nne, na kila konsonanti imebeba irabu a tumboni. Ukitaka be au bi unaweka kijistari juu ya ba. Ukitaka bo au bu unakiweka chini. Walizichonga kwa ncha ya kisu juu ya mianzi, na wino ulipopatikana waliandika pia juu ya karatasi. Pedro Chirino, Mjesuiti aliyechapisha kitabu chake mwaka 1604, alidai kwamba hakuna mwanamume na hata mwanamke asiyejua kusoma na kuandika herufi hizo. Nadhani alitia chumvi, kama wageni wanaofurahia jambo wanavyofanya, lakini hata ukipunguza nusu ya dai lake bado unabaki na jamii iliyokuwa na wasomaji wengi kuliko nchi nyingi za Ulaya za wakati ule. Walichokiandika zaidi kilikuwa barua fupi na mashairi. Hawakuwa na wafalme wa kutunza kumbukumbu wala makarani wa kodi. Neno hilo la makarani tuliweke akilini.

Hapa huja pingamizi la kwanza, nalo ni la maana: baybayin ilikuwa pungufu. Haikuweza kuandika konsonanti iliyo mwisho wa silabi. Mlima, bundok, uliandikwa bu-do. Alama mbili ba-ta zingeweza kuwa bata, mtoto (si yule ndege wetu). Au batas, sheria. Au bantay, mlinzi. Msomaji alijaza mwenyewe. Wahispania waliokuwa wakijifunza lugha walichoka na kubahatisha, na padri Francisco López, katika kitabu cha mafundisho cha Kiilokano, lugha nyingine ya visiwa hivyo, kilichochapwa kuanzia 1620, alibuni alama ya msalaba mdogo wa kufuta ile irabu ya tumboni. Kasoro ilikuwa imetibiwa. Wenyeji waliukataa msalaba ule na kuendelea kama mwanzo, na mgeni alishangaa kwa nini mtu akatae dawa. Jibu ni kwamba hawakuwa wagonjwa. Mtu anayeijua lugha hasomi alama moja moja. Husoma sentensi, na sentensi humwambia kama anayetajwa ni mtoto au mlinzi.

Wasomaji wa Kiswahili wana ushahidi wao wa nyumbani kuhusu hili. Kwa karne kadhaa tenzi za Pate, Lamu na Mombasa ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambamo kasra moja ilisomwa i au e, dhuma moja ikasomwa u au o, na ile n au m ya nd na mb mara nyingi iliachwa njiani, sawa kabisa na n ya bundok. Utendi wa Tambuka, ambao nakala yake inayojulikana zaidi ni ya mwaka 1728, uliandikwa kwa maandishi ya namna hiyo na haukupotea maana. Tena alfabeti ya Kirumi ya Watagalogi yenyewe si kamilifu. Basa na basa huandikwa sawasawa katika magazeti ya Manila. Moja ni kusoma, nyingine ni kulowa, na zinatofautiana kwa mkazo na kwa kujifunga kwa koo mwishoni, mambo ambayo hakuna anayeyaandika kila siku. Kama kubahatisha kunaua maandishi, haya nayo yangekufa zamani. Na katika milima ya Mindoro, Wahanunoo bado huchonga mashairi yao ya ambahan juu ya mianzi kwa herufi zilizo dada wa baybayin, na kwa mazoea yao ya zamani konsonanti za mwisho haziandikwi.

Pingamizi la pili ni la uchungu zaidi: kwamba mapadri walizichoma. Linapendwa, kwa sababu linampa mtu adui mwenye uso. Mapadri wa Kihispania walichoma mengi duniani, Mexico ikiwa mfano, na siwatetei. Lakini Manila ushahidi unaelekea upande mwingine. Kitabu cha mafundisho ya Kikristo kilichochapwa huko mwaka 1593, miongoni mwa vya kwanza kabisa kuchapwa visiwani, kina Kihispania, Kitagalogi kwa herufi za Kirumi, na Kitagalogi hichohicho kwa baybayin. Anayetaka kuangamiza herufi hazichongei ubao wa kuchapia. Na katika Chuo Kikuu cha Santo Tomas, cha Wadominika, zimehifadhiwa hati mbili za kuuza ardhi, za 1613 na 1625, zilizoandikwa kwa baybayin, na wauzaji wote wawili ni wanawake wa tabaka la juu. Zaidi ya miaka 40 baada ya Mhispania Legazpi kuitwaa Manila mwaka 1571, mwanamke wa Kitagalogi aliweza kuuza shamba kwa herufi za babu zake na mkataba ukashika.

Kisha kazi ikahama, kidogo kidogo, pasipo amri. Dola ya Kihispania ilitawala kwa daftari: daftari la kodi, la ubatizo, la ndoa, la mazishi, la mahakama. Mkuu wa barangay, yaani kijiji, aliyetaka kuendelea kuwa mkuu ilimbidi akusanye kodi na aonyeshe hesabu iliyoandikwa. Mwanawe aliyetaka ukarani ilimbidi aijue hati ya makarani. Mwaka 1610, huko Bataan, mpiga chapa Tomás Pinpin alitoa kitabu chake cha kuwafundisha Watagalogi wenzake Kihispania. Ni kitabu cha kwanza kutungwa na kuchapwa na Mfilipino, na Kitagalogi chake chote ni cha herufi za Kirumi. Pinpin hakuwa msaliti wala mtumwa. Alikuwa fundi aliyejua soko liko wapi. Kufika 1745 padri Sebastián de Totanés aliandika kwamba ni nadra kumpata mwenyeji anayejua kuzisoma herufi za zamani, na nadra zaidi anayejua kuziandika. Katika mabonde ya Mindoro na Palawan, ambako daftari halikufika sawasawa, herufi dada zilibaki hai. Tofauti kati ya pande hizo mbili haikuwa lugha. Ilikuwa umbali kutoka kwa karani.

Vietnam karani alikuwako tayari, na alikuwa wa kwao. China iliitawala nchi ile tangu mwaka 111 kabla ya Kristo hadi karne ya 10, na ilipoondoka iliacha Kichina kama lugha ya maandishi, jinsi Kilatini kilivyobaki Ulaya. Mwaka 1075 wafalme wa ukoo wa Lý walianzisha mtihani wa kuwapata maofisa wa serikali, na kwa zaidi ya miaka 800 mtihani huo ulikuwa ndio mlango wa mtoto wa mkulima kuingia katika heshima. Katika Hekalu la Fasihi mjini Hanoi ziko nguzo 82 za mawe zilizobebwa mgongoni na kobe wa mawe, na juu yake yamechongwa, kwa Kichina, majina ya waliofaulu. Nchi inayomwekea mwanafunzi jiwe la namna hiyo imekwisha kumwambia ajifunze nini.

Pembeni mwa Kichina, Wavietnamu walijitengenezea maandishi ya lugha yao, chữ Nôm. Werevu wake unastahili kutazamwa. Tatu, ba, iliandikwa kwa kuunganisha alama mbili za Kichina: moja isomwayo ba, isiyo na uhusiano na hesabu, ya kutoa sauti, nyingine yenye maana ya tatu, ya kutoa maana. Mbingu, trời, ilipangwa kwa maana peke yake: alama ya mbingu juu, alama ya juu chini yake. Ugumu unaonekana mara moja. Ili usome Nôm sharti ujue Kichina kwanza, kwa hiyo maandishi ya lugha ya mama yakawa ghali kuliko maandishi ya kigeni. Hata hivyo yalibeba fasihi kubwa kuliko yote ya nchi hiyo, ukiwemo utenzi wa Nguyễn Du wa mapema karne ya 19, Truyện Kiều, wenye mistari 3,254 ya mizani sita na nane, ambao watu wasiojua kusoma waliushika kwa moyo. Wafalme wachache, Hồ Quý Ly mwanzoni mwa karne ya 15 na Quang Trung mwishoni mwa karne ya 18, walijaribu kuipa Nôm kazi za serikali. Wote wawili hawakudumu, na waliowafuata waliirudisha dola kwenye Kichina.

Ndani ya hali hiyo wakaingia Wajesuiti. Francisco de Pina, Mreno, alifika mwaka 1617 na akaanza kuikamata lugha kwa herufi za Kirumi; Alexandre de Rhodes, mzaliwa wa Avignon, ndiye aliyechapisha kamusi ya Kivietnamu, Kireno na Kilatini Roma mwaka 1651. Toni zilipewa alama walizozijua mapadri hao: mkazo wa juu, wa chini na wa mawimbi ilitoka kwa Kigiriki cha shuleni, nukta ya chini ilikuwa iota ya Kigiriki, na ya tano ilikuwa alama ya kuuliza iliyokatwa mguu. Kivietnamu kiliimbwa kwa Kigiriki, kwa kalamu ya Mreno. Ndiyo maana hadi leo nyumba, nhà, ina nh ya Lisbon. Ni kazi ya ustadi mkubwa. Na bado, padri Girolamo Maiorica, Mwitaliano wa shirika hilohilo na wa wakati huohuo, alipotaka kuwafikia waumini aliwaandikia vitabu vingi kwa Nôm. Alijua kwamba alfabeti ya wenzake ilikuwa daftari la kumsaidia mgeni kutamka. Haikumpa Mvietnamu cheo, wala shamba, wala heshima mbele ya mkwe.

Wafaransa walipoitwaa Saigon katika miaka ya 1859 hadi 1862 waliipa alfabeti hiyo kazi kwa mara ya kwanza. Gazeti Gia Định Báo lilitoka kwa herufi hizo mwaka 1865, na tangu 1869 lilisimamiwa na Trương Vĩnh Ký, ambaye mwaka 1875 aliutoa utenzi wa Kiều kwa herufi za Kirumi. Amri ya 1878 iliagiza hati za serikali za kusini ziandikwe hivyo kuanzia 1882. Atakayesema basi ni ukoloni ulioshindisha alfabeti, kama Manila, ana nusu ya ukweli. Wafaransa waliitaka kama daraja la kuwafikisha watu kwenye Kifaransa na kuwatenga na Wachina. Wasomi wengi waliiona ni maandishi ya adui na wakaisusa miaka na miaka. Kilichogeuza mambo ni kwamba wapinzani wa Wafaransa waliinyakua. Mwaka 1907 shule ya bure ya Đông Kinh Nghĩa Thục ilifunguliwa Hanoi, na waraka wake wa mwongozo uliweka matumizi ya herufi hizi kuwa njia ya kwanza kati ya sita za kuiinua nchi. Serikali ya kikoloni ikaifunga shule ndani ya mwaka mmoja. Mtu hafungi shule inayofundisha silaha yake mwenyewe, isipokuwa silaha imekwisha kubadili mkono.

Pigo la mwisho kwa maandishi ya kale halikumlenga mwandishi wa Nôm hata kidogo. Mtihani ulifanywa mara ya mwisho 1915 kaskazini na 1919 Huế. Ngazi iliyompandisha mtu kwa Kichina ikaondolewa, na Nôm, iliyokuwa imeegemea ngazi hiyo, ikaanguka nayo ndani ya kizazi kimoja. Tarehe 8 Septemba 1945, siku sita baada ya kutangaza uhuru, serikali ya Hồ Chí Minh ilitoa amri za kumfundisha kila mtu kusoma kwa herufi za Kirumi, na watu wazima walikariri maumbo ya herufi kwa vishairi vya mizani sita na nane, mizani ileile ya Kiều. Alfabeti ya Roma ilikuwa imepewa kazi ya kujenga taifa. Gharama yake ilikuwa kwamba mjukuu hawezi kusoma jiwe la kaburi la babu yake, na sioni kwamba gharama hiyo ni ndogo. Nasema tu kwamba kilichoilipisha hakikuwa toni wala silabi.

Wafilipino nao walifika wakati wa kudai chao, lakini hawakuirudia baybayin. Walibishania herufi moja. Mwandishi José Rizal, mwaka 1890, alitetea tahajia mpya ya Kitagalogi inayotumia k mahali pa c na qu za Kihispania, na wenye kuipinga waliiona ni herufi ya Kijerumani. Wanamapinduzi wa Katipunan waliipenda k hiyo hata wakaishona kwenye bendera, na mara nyingine wakaandika ka ya baybayin badala yake. Mwaka 1940 sarufi ya Lope K. Santos ikaidhinisha abakada ya herufi 20. Ingekuwa rahisi kudhani kwamba watu hao, waliokuwa wakiwakataa Wahispania, wangezitaka pia herufi za kabla ya Mhispania. Lakini kizazi kilichozijua kilikuwa kimekufa miaka 150 nyuma, na hapakuwa na daftari hata moja lililokuwa likizingoja.

Baybayin imepata kazi ndogo tangu mfululizo wa noti mpya za Ufilipino ulipotolewa mwaka 2010. Katika noti za karatasi za mfululizo huo neno Pilipino limechapwa kwa herufi hizo, silabi nne zisizo na konsonanti ya mwisho, kana kwamba jina la taifa lilichaguliwa lilingane nazo. Vipande vya alama viko upande huu na vingine upande wa pili, na neno hukamilika ukiiinua noti kwenye mwanga. Muuza samaki huiinua hivyo mbele ya mteja asiyemfahamu. Anaangalia kama vipande vimekutana, kwa sababu za bandia havikutani, kisha anaitia noti mfukoni na kuhesabu chenji.